Maji yatokayo na maji yaingiayo: kuchagua njia kwa nyumba ya wageni mjini Goma

Mwaga ndoo ya maji juu ya makoro, yaani mawe ya lava, ya mtaa wa Himbi, kisha geuka ukachukue ndoo ya pili. Ukirudi, maji ya kwanza hayapo tena. Hukuona yakitiririka, kwa sababu yameingia katika nyufa za mwamba ulioachwa na volkeno, na kama kiwanja chako kiko karibu na ufuo, safari yake hadi Ziwa Kivu ni fupi. Maji ya kuogea, maji ya jikoni na maji ya choo hufuata njia hiyo hiyo, usipoyazuia.

Mimi na dada yangu tunaendesha nyumba ya wageni ya vyumba 10 katika mtaa huo. Watalii waliokuja kupanda volkeno ya Nyiragongo na kutazama sokwe wa hifadhi ya Virunga wamekuwa adimu kwa miaka kadhaa, hasa tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, na sasa vyumba vyetu vinalaza zaidi wafanyabiashara na familia zinazosafiri. Lakini mgeni wa aina yoyote huoga, hula na kwenda haja, na jirani anayejenga huja kutuuliza afanye nini na maji. Jibu moja la kumfaa kila mtu sina. Ninachoweza ni kuziweka njia pamoja, kuzipima kwa vipimo vile vile, na kusema kila moja inamfaa nani. Mto na kisima nimeviacha nje ya ulinganisho huu, kwa kuwa Goma haipitiwi na mto wowote, na kuchimba mwamba huu hadi kuyafikia maji ni kazi ya mashine kubwa ambayo mwenye nyumba ndogo haimudu.

Wengi huanza na swali la maji yatatoka wapi. Naomba uanze na swali la yatakwenda wapi, kwa sababu lita 1 unayoingiza ndani ya ua leo ni lita 1 utakayolazimika kuitafutia mahali kesho, na ziwa tunalolimwagia ndilo tunalochota.

Maswali manne ya kupimia

Swali la kwanza ni la afya: maji haya au uchafu huu unaweza kumdhuru nani, ndani ya ua na nje yake? Hapa kwetu kipindupindu ni habari ya nyumbani. Julai 1994, wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu, ugonjwa huo na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache. Tangu hapo kipindupindu kimekuwa kikirudi kandokando ya ziwa, na anayechota kwa bidoni (dumu la plastiki) ufukoni pale Kituku hana njia ya kujua kilichoingia majini usiku uliopita.

Swali la pili ni la siku mbaya: njia hii itafanyaje umeme ukikatika, au barabara ikifungwa, au mlima ukilipuka? Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu mitambo ya maji, na karibu watu nusu milioni wakabaki bila maji salama. Januari 2025, umeme na maji vilipokatika wakati wa mapigano, watu walirudi ziwani na ndoo. Katika mji huu siku mbaya lazima iwemo katika hesabu ya kawaida.

Swali la tatu ni la gharama, na gharama ni mbili: ya kujenga na ya kuendesha, pamoja na kujua ni mikono ya nani itakayofanya kazi kila siku. La nne ni la mahali: ukubwa wa kiwanja, umbali wake na ufuo, na mwamba ulio chini yake.

Kwa hesabu zote nitachukua nyumba kama yetu, yenye vyumba 10 na wageni 20 ikijaa, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 2,000.

Maji yatokayo: fosi septiki na shimo la kunyonyea

Hii ndiyo njia ambayo kila fundi wa Goma anaijua. Tangi lina vyumba viwili. Katika cha kwanza, uchafu mzito hutua chini, mafuta huelea juu, na bakteria wasiohitaji hewa hula sehemu ya kinyesi. Maji yanayopita chumba cha pili huonekana mepesi, kisha huingia katika shimo lililojazwa mawe na kupotelea ardhini.

Kwa upande wa gharama na siku mbaya, njia hii ni ngumu kushindwa. Haihitaji umeme wala mfanyakazi wa kila siku, na hata barabara ikifungwa kwa mwezi mzima, choo kinaendelea kufanya kazi. Matope yaliyotua chini yanahitaji kuondolewa baada ya miaka 2 hadi 5, na mapema zaidi kwa nyumba inayojaa wageni. Nafasi inayotakiwa ni ndogo.

Udhaifu wake uko katika swali la kwanza, na unatokana na mwamba. Maji yanayotoka katika fosi bado yamejaa vijidudu. Katika nchi ya udongo, kazi iliyobaki hufanywa na udongo wenyewe, ambao huyachuja na kuyachelewesha hadi vijidudu vingi vife. Kanuni inayorudiwa ya kuacha mita 30 kati ya shimo na kisima inategemea uchujaji huo. Makoro hayachuji. Maji huteremka katika nyufa kama mtu anayeshuka ngazi, na mita 30 za nyufa hazina maana ile ile ya mita 30 za udongo.

Kwa hiyo njia hii inamfaa mwenye nyumba ndogo iliyo mbali na ufuo, hasa mahali ambapo juu ya mwamba kuna tabaka nene la udongo au majivu ya volkeno. Mwenye shimo tayari anaweza kulipunguzia madhara: badala ya kuyaacha maji yazame kwa kina, ayasambaze katika mfereji mpana wa kina kifupi uliojazwa mchanga na udongo ulioletwa, ili kuwe na kitu cha kuchuja kabla ya jiwe kuyameza. Kwa kiwanja kinachogusa maji, mimi nisingejenga shimo la kunyonyea hata kwa bure.

Tangi lililozibwa na lori la kunyonya

Hapa hakuna kinachozama ardhini. Kila kitu kinabaki ndani ya tangi la zege lisilovuja hadi lori lije kulinyonya. Kwa ziwa, hii ndiyo njia safi kuliko zote, lakini kwa sharti kwamba tangi kweli halivuji na lori kweli linapeleka uchafu mahali panapostahili.

Masharti hayo mawili si madogo. Tangi hupimwa kwa kulijaza maji safi, kuchora mstari wa makaa ukutani pale maji yalipofika, na kurudi kesho yake saa ile ile: maji yakiwa yameshuka chini ya mstari, kuna ufa. Kipimo hicho kirudiwe baada ya kila tetemeko linalosikika, kwa sababu matetemeko ya Mei 2021 yalipasua kuta na barabara zilizoonekana imara, na tangi lililo chini ya ardhi hupasuka bila mtu kuona. Zege lake linahitaji nondo za kutosha, na hapo si mahali pa kubana matumizi.

Kuhusu lori, siku moja nilimuuliza dereva aliyetunyonyea tangi anakwenda kumwaga wapi. Alinijibu, "Mama, hiyo acha, wewe umeshalipa." Tuliacha kumwita. Kulipa hakumwondolei mtu jukumu la uchafu wake, na Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 ya nchi yetu inajengwa juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kabla ya kujenga tangi, uliza kwanza, uone kwa macho mahali pa kumwagia, kisha ndipo uite fundi.

Gharama ya kuendesha ndiyo inayowashangaza wengi. Tangi la mita za ujazo 20, yaani lita 20,000, hujaa kwa siku 10 kama maji yote lita 2,000 yanaelekezwa humo. Hapo lazima linyonywe mara tatu kwa mwezi. Lakini ukiyatenga maji ya choo peke yake, hesabu inabadilika: wageni 20 wakivuta maji mara 5 kwa siku, lita 6 kila mara, unapata lita 600, na tangi lile lile linakaa siku 33. Kwa siku mbaya njia hii ni dhaifu: barabara ikifungwa au mafuta yakikosekana, tangi linajaa na huna pa kwenda.

Jambo moja zaidi kuhusu kuchimba. Tulipokuwa tukichimba shimo la tangi letu, fundi alikuwa amefika kina cha mita mbili na nusu aliposimama ghafla, akaniita: "Mama, hapa chini pumzi inakuwa nzito." Alitoka haraka, akakaa chini ya mwembe, uso umekwisha rangi. Ilikuwa mazuku. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Kyeshero hadi Mugunga na Bulengo, hewa ya ukaa hupanda kutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya katika mabonde na mashimo, haina rangi wala harufu, na humuua mtu kabla hajajua kuna nini. Shimo lolote litakaloingiwa na mtu, la kuchimbwa au la kusafishwa, lipulizwe hewa kwanza kwa feni, mtu awe amefungwa kamba kiunoni, na wenzake wawili wabaki juu. Anayeanguka asifuatwe na mtu wa pili bila kamba, kwa maana watu hufa wawili wawili kwa namna hiyo.

Kitalu cha changarawe na mimea

Njia ya tatu huanza na fosi septiki ile ile, lakini mahali pa shimo la kunyonyea huwekwa kitalu kisichovuja, chenye kina cha sentimita 60 hivi, kilichojazwa changarawe na kupandwa matete, mafunjo au kana. Maji hupita polepole kati ya mawe, bakteria wanaoishi juu ya mawe na mizizi hula uchafu, na kinachotoka upande wa pili hakina harufu na kinaweza kumwagilia maua na miti.

Changarawe tunayo bure karibu. Jiwe jepesi la volkeno lenye matundu, ambalo mafundi wetu hulitumia kujazia, linawapa bakteria nafasi kubwa ya kukaa kuliko kokoto laini. Kwa hiyo mwamba unaotuponza kwa shimo unatufaa kwa kitalu, mradi chini pawe na zege au plastiki nene. Kitalu bila sakafu ni shimo la kunyonyea lililopambwa.

Kwa afya, njia hii hupunguza uchafu sana lakini haiondoi vijidudu vyote. Maji yake yasimwagilie mboga zinazoliwa mbichi, wala yasiachwe mahali watoto wanapocheza. Kwa siku mbaya inafanya kazi bila umeme, kama kiwanja kina mteremko. Kuendesha ni rahisi: kukata mimea, kuondoa matope ya fosi kwa wakati, na kutega mafuta ya jikoni kabla hayajafika, kwa sababu mafuta huziba mawe na kitalu kilichozibwa hufurika. Kikwazo chake kikubwa ni nafasi. Mita za mraba 1 hadi 2 kwa kila mtu ni kipimo cha kawaida kwa vitalu ambavyo maji huteremka kutoka juu kwenda chini, na vile ambavyo maji hupita kwa ulalo vinataka zaidi. Kwa wageni 20 unahitaji hadi mita 40 za mraba, na viwanja vingi vya katikati ya mji havina hata nusu ya hizo.

Mwenye bustani ya wageni ndiye anayefaidi zaidi. Kitalu cha mafunjo kandokando ya njia hakionekani kama mtambo wa maji machafu, na wageni wetu wawili wamewahi kupiga picha mbele ya kitalu cha jirani yetu bila kujua ni nini.

Choo kikavu kinachotenga mkojo

Hapa maji hayatumiki kabisa. Kiti kina njia mbili: mkojo huenda katika bidoni, kinyesi huangukia chumba kikavu na kufunikwa kwa jivu au vumbi la mbao. Vyumba ni viwili, kimoja kinatumika wakati kingine kimefungwa na kukauka. Mtu mmoja hutoa lita 500 hivi za mkojo kwa mwaka na lita 50 tu za kinyesi, kwa hiyo mzigo wa kweli ni mdogo sana ukilinganisha na maji tunayoyachafua ili kuusukuma.

Kwa siku mbaya hakuna njia inayokaribia hii. Haihitaji bomba, umeme wala lori. Hujengwa juu ya ardhi, kwa hiyo hakuna kuchimba makoro wala kuhofia mazuku. Kwa afya, inategemea subira: Shirika la Afya Duniani linashauri kinyesi kikavu kihifadhiwe mwaka 1 na nusu hadi 2 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 20, na Goma iko juu ya mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, penye baridi ya namna hiyo. Anayefungua chumba baada ya miezi 6 kwa sababu amehitaji mbolea anawatia hatarini wafanyakazi wake.

Mikono ndiyo gharama yake. Kila siku mtu lazima atazame jivu lipo, bidoni haijajaa, na hakuna aliyemwaga maji mahali pasipofaa. Mgeni anayelipa chumba cha bei ya juu mara nyingi hukikataa. Kinafaa sana kambi ya ufukoni, kisiwani, mkahawa wa wazi, na choo cha wafanyakazi. Kumbuka tu kwamba maji ya kuogea na ya jikoni yanabaki na bado yanahitaji kitalu, hata kidogo.

Maji yaingiayo

Hapa nitakwenda haraka kidogo, kwa kuwa njia ni tatu na nyumba nyingi hulazimika kuzichanganya.

Bomba la REGIDESO, shirika la maji la taifa, hutoa maji ya ziwa yaliyosukumwa kwa pampu na kutiwa klorini. Yanapofika kama yanavyotakiwa, ndiyo chaguo la kwanza kwa afya na kwa bei. Lakini yanategemea umeme, na maji yaliyotibiwa vizuri huweza kuchafuka katika bomba lililopasuka au tangi la nyumbani lisilooshwa. Kipimo kidogo cha klorini, kile cha kidonge na kichupa, kinatosha kukuambia: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye robine (bomba la kufungulia) ya mgeni ni dalili njema, na sifuri ni onyo. Linamfaa aliye katika mtaa wenye mgawo wa kuaminika na tangi la kuhifadhi la siku tatu angalau.

Maji ya ziwa ya moja kwa moja, kwa lori, kwa pampu yako au kwa bidoni juu ya chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma), yapo kila wakati. Hayakatiki hata bomba likikauka, na hiyo ndiyo sababu watu hurudi kwayo. Kwa afya ndiyo yenye hatari zaidi, na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji ya Kivu yana asili ya magadi, na klorini hufanya kazi polepole katika maji ya namna hiyo. Dakika 30 zinazotosha kwa maji ya kawaida hazitoshi hapa. Tia klorini, acha muda mrefu zaidi, pima, na usipofikia kipimo rudia. Kwa vyoo, kufua na kuoshea sakafu, yanafaa bila taabu nyingi. Kwa kunywa, yachujwe na kuchemshwa pia. Gharama yake ya ujenzi ni ndogo, lakini mafuta ya pampu na malipo ya lori hujilimbikiza mwezi hadi mwezi.

Mvua huanguka bure juu ya bati lako, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200 linaweza kukupa mita za ujazo 170 hivi kwa mwaka baada ya kuondoa yanayopotea, wakati nyumba yetu ya mfano inatumia 730. Hiyo ni chini kidogo ya robo, na haigawanyiki sawa: kati ya Juni na Agosti tangi hubaki tupu. Kwa siku mbaya, robo hiyo ni ya thamani kubwa, kwa sababu imo tayari ndani ya ua.

Swali lake la afya ni la kipekee kwa mji wetu. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba asidi na floridi, na mvua inayopita ndani yake hushuka nayo. Upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, ambako upepo huupeleka moshi mara nyingi, maji ya mvua yamepimwa na kukutwa na floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya kahawia ya watoto wa huko ni alama yake. Klorini haiiondoi floridi, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Kwa hiyo maji ya mvua ya Goma ni mazuri kwa kufua, kwa vyoo na kwa bustani. Kwa kunywa, yapimwe maabara kwanza. Kwa vyovyote vile, mwaga lita 200 za kwanza za kila mvua baada ya siku kavu, ambazo ni sawa na milimita 1 juu ya paa hilo, ili majivu na kinyesi cha ndege visiingie tangini.

Taka ngumu, kwa ufupi

Chaguo hapa ni mbili: kulipa wachukuaji wa taka kila mwezi na kuwapa vyote pamoja, au kutenga mwenyewe na kuwapa kilichobaki. Ya kwanza ni rahisi, inamfaa mwenye wafanyakazi wachache, na ubora wake unategemea mahali wanapomwaga, sawa na lori la choo. Ya pili inataka ndoo tatu jikoni na msimamizi asiyechoka kurudia maelekezo, lakini inapunguza mzigo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa nyingi ya taka za mkahawa ni maganda na mabaki ya chakula. Katika mji ambao lava imefunika udongo, mboji ni mali. Mabaki mengine huliwa na nguruwe wa majirani, na maganda makavu hutengenezwa makaa ya vumbi yanayopunguza haja ya makaa ya msitu wa Virunga.

Chupa za plastiki ndizo zinazonisumbua zaidi. Amri ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini chupa ya maji ya mgeni bado ipo. Inayotupwa mfereji wa Goma hufika ziwani, na ziwa hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Ruzizi pale Bukavu, ambako taka hujaa mbele ya bwawa na wafanyakazi huzitoa ili mitambo ya umeme iendelee kuzunguka. Tumeweka mtungi mkubwa wa maji yaliyochujwa ukumbini, na mgeni hujaza chupa yake mwenyewe.

Kwa hali yako

Kama kiwanja chako kinagusa ufuo na kina bustani, ningefikiria kitalu cha mimea kwanza. Kama kinagusa ufuo na hakina nafasi, tangi lililozibwa kwa maji ya choo peke yake, kitalu kidogo kwa maji ya kuogea, na mkataba na lori ambalo umeliona likimwaga mahali panapofaa.

Kama uko juu ya mji, mbali na ziwa na penye udongo, fosi septiki iliyojengwa vizuri yenye mfereji wa mchanga inaweza kutosha, na fedha utakazookoa ziende kwenye tangi la kuhifadhi maji ya bomba.

Kama unafungua kambi, mkahawa wa wazi au eneo la mapumziko ya Jumapili, choo kikavu kitakuepusha na gharama nyingi, mradi uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hicho. Usipokuwa na mtu huyo, usikijenge.

Kama uko magharibi, chini ya njia ya moshi, maji ya mvua yabaki ya vyoo na kufulia, na maji ya kunywa yatoke kwenye bomba au kwa muuzaji ambaye maji yake yamepimwa floridi.

Na kama umeshanunua nyumba yenye shimo la zamani karibu na ufuo, na huna fedha za kujenga upya mwaka huu, anza na vyoo vya vifungo viwili vinavyovuta lita 3 au 6, tenga bomba la bafu na la jikoni lisiingie shimoni, tega mafuta ya jikoni kwenye kisanduku kinachosafishwa kila Jumamosi, na ita lori mapema kuliko ulivyozoea. Maji yakiwa machache, shimo lile lile litakusubiri hadi upate za kujenga tangi.